Tusichanganye Mafaili ya Kusini

Katikati ya Oktoba 2020, watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma wakaingia Kitaya, kijiji cha mpakani mkoani Mtwara. Waliua, wakachoma nyumba, wakarudi walikotoka. Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati ule, Simon Sirro, alisema wavamizi walikuwa kama 300 na walitokea upande wa Msumbiji. Kundi linalojiita Dola ya Kiislamu likajitangaza kuwa ndilo lililofanya.

Miaka saba kabla yake, Mei 22, 2013, Mtwara mjini kulikuwa na moshi wa aina nyingine. Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alikuwa anasoma bajeti yake bungeni Dodoma. Ilipothibitika kwamba mpango wa bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam upo palepale, barabara zikafungwa, majengo yakachomwa, watu wakapoteza maisha, na askari wa JWTZ wakaonekana mitaani.

Nayataja pamoja kwa sababu wengine huyataja pamoja. Dar es Salaam na Dodoma, na hata kwenye vijiwe vya kahawa vya hapahapa Mtwara, utasikia hoja ikienda hivi: watu wa kusini ni wabishi, walichoma moto kwa ajili ya gesi, wana ndugu zao ng'ambo ya mto, ng'ambo kuna magaidi, kwa hiyo kusini kuangaliwe. Kila kipande cha hoja hiyo kina ukweli kidogo. Ukiviunganisha vyote unapata uongo mkubwa, tena wa hatari.

Yapo mataifa makubwa yaliyoufanya mchanganyiko huo kuwa sheria. Juni 2001 China, Urusi, Kazakhstan, Kyrgyzstan, Tajikistan na Uzbekistan zilitia saini mjini Shanghai mkataba unaoweka ugaidi, utengano na msimamo mkali katika fungu moja la maovu. Kwenye karatasi inaonekana busara. Kwenye mkoa wa Xinjiang, wanakoishi Wauighuri, ambao ni Waislamu wenye lugha ya jamii ya Kituruki, matokeo yake yanajulikana. Mashambulizi ya kweli yalikuwepo: Machi 2014 watu wenye visu waliua abiria 31 kwenye stesheni ya treni ya Kunming, na serikali ikasema wauaji walitoka Xinjiang. Lakini mwaka huohuo, Septemba, mahakama ilimhukumu Ilham Tohti kifungo cha maisha kwa kosa la utengano. Huyu alikuwa mwalimu wa uchumi katika chuo kikuu cha Beijing. Hakuwahi kudai Xinjiang ijitenge. Alichokuwa anaandika ni ajira za vijana wa Kiuighuri, lugha yao shuleni, na haki ambazo katiba ya China yenyewe inawapa. Miaka mitatu baadaye zikafuata kambi zilizofungia watu kwa halaiki, ambamo ndevu, ushungi au simu ya kwenda nje ya nchi vilitosha kuwa ushahidi. Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema huenda yaliyotendeka huko ni uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Mtwara si Xinjiang, na sitaki mtu aseme nimelinganisha. Ninachochukua huko ni jambo moja: dola ikishaweka mafaili matatu ndani ya jalada moja, anayefungwa kwanza ni yule aliyekuwa anazungumza, kwa kuwa ndiye anayejulikana anakoishi. Mwenye kisu hana anwani.

Tuangalie basi hayo mafaili moja moja, na tuanze na la ugaidi, lililo jirani.

Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, una makundi matatu makubwa. Wamakua ndio wengi. Wamakonde wako juu, kwenye uwanda wa Mueda. Wamwani wako pwani, kuanzia upande wa Palma na Mocímboa da Praia hadi kisiwa cha Ibo, na Kimwani chao mtu wa Mikindani au Kilwa akikisikiliza atashika mengi bila kufundishwa. Vita vya ukombozi viliota mizizi kwa Wamakonde. Mueda ndiko Wareno walikoua watu waliokusanyika Juni 16, 1960. Chai, kwenye mkoa huohuo, ndiko FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, wanakohesabu risasi yao ya kwanza, Septemba 25, 1964. Na wapiganaji walinolewa huku kwetu, Nachingwea. Baada ya uhuru wa 1975 wakongwe wa uwanda wa juu walipata kilicho chao: vyeo jeshini, pensheni, masikio ya Maputo. Mtu wa pwani alibaki na dau lake na nyavu zake.

Kinyongo hicho kiliwahi kulipuka kabla hakujawa na gaidi yeyote. Mwaka 2005, baada ya uchaguzi mdogo wa meya wa Mocímboa da Praia, wafuasi wa FRELIMO na wa RENAMO, chama cha upinzani, walipigana hadi kuuana, na chini ya bendera za vyama kila mtu aliona Wamakonde upande mmoja na Wamwani upande wa pili. Halafu yakaja mali. Rubi za Montepuez mwaka 2009. Gesi ya baharini, mwaka uliofuata na kuendelea. Wachimbaji wadogo wa Montepuez, Watanzania wakiwemo, walifukuzwa kwa nguvu mwanzoni mwa 2017. Wakulima na wavuvi wa rasi ya Afungi wakaanza kuambiwa wahame kupisha mtambo wa gesi. Oktoba 5, 2017, vijana wenye silaha wakavamia vituo vya polisi vya Mocímboa.

Mchambuzi mvivu anaishia hapo na kuandika: vita vya Wamwani dhidi ya Wamakonde. Tatizo ni kwamba wahusika wenyewe wanakataa kuingia kwenye hadithi hiyo. Kundi hilo, ambalo wenyeji walilibatiza al-Shabaab ingawa si lile la Somalia, halijawahi kudai nchi ya Wamwani. Halijadai hata serikali ya mkoa. Ndani yake wamo Wamwani, wamo Wamakua, wamo Watanzania waliokimbia msako wa Kibiti na Rufiji wa 2017, baada ya mlolongo wa mauaji ya askari na viongozi wa vijiji. Mpaka wa Ruvuma kwao hauna maana yoyote. Mtu asiyeutambua mpaka hana haja ya kuchora mwingine. Na waliochinjwa kwa wingi ni akina nani? Ni Waislamu wa vijiji vya pwani, wavuvi wa Macomia na Quissanga, watu wa kabila lilelile ambalo ati linatetewa. Mashehe wa huko, pamoja na Baraza la Kiislamu la Msumbiji, ndio waliotangulia kuwaonya wakuu wa serikali juu ya vijana wanaoingia msikitini na viatu, wanaokataza watoto kwenda shule na kuwaita wazazi wao makafiri. Hawakusikilizwa. Vita vilipoanza, serikali ikafunga misikiti na kukamata watu kwa mamia, wakiwemo waumini wa mashehe haohao.

Kabila na njaa vinaeleza kwa nini kijana wa Mocímboa alikuwa na hasira. Havielezi kwa nini alimkata kichwa mvuvi mwenzake. Kati ya hasira na panga kuna kazi iliyofanywa na watu: mahubiri, fedha, mtandao uliotoka Mombasa ukapita pwani yetu, na ahadi ya mtaji mdogo kwa asiye na kitu. Anayesema umaskini tu anawasamehe wauaji. Anayesema dini tu au kabila tu anamsamehe mkuu wa wilaya aliyepuuza onyo.

Kuna jambo dogo la vita hivyo ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi kuliko mwanajeshi wa Ulaya. Julai 2021 Rwanda ilipeleka askari 1,000, na mwezi uliofuata Mocímboa, iliyokuwa mikononi mwa waasi kwa mwaka mzima, ikakombolewa. Silaha zilihusika, na nidhamu ilihusika. Lakini wengi waliofika huko walieleza pia kwamba askari wa Rwanda waliweza kuzungumza na wanakijiji kwa Kiswahili, wakati askari wa serikali aliyetoka kusini ya mbali alikuwa na Kireno na Kichangana, lugha ambazo bibi wa Kimwani hazijui. Bibi huyo alikuwa raia wa Msumbiji maisha yake yote, na jeshi la nchi yake lilihitaji mkalimani kumwuliza magaidi wamepita wapi.

Halafu Maputo ikafanya kosa ambalo naliona litawasumbua. Ili kujaza pengo la jeshi, iliwapa silaha wakongwe wa vita vya ukombozi na watoto wao, wengi wakiwa Wamakonde wa Mueda, wakaitwa Jeshi la Wenyeji. Wanajua misitu na wana ari, hilo sikatai. Ila mvuvi aliyerudi Mocímboa sasa anakaguliwa kwenye kizuizi cha barabarani na mwanamume wa kabila ambalo baba yake alipigana nalo 2005. Vita ambavyo havikuwa vya kabila vinaweza kutengenezwa kuwa vya kabila, na kinachotosha ni uamuzi wa namna hiyo.

Faili la pili ni kujitenga. Eneo hili limewahi kumwona mtenganishaji wa kweli, na alikuwa Mmakonde. Lázaro Kavandame, mwenyekiti wa FRELIMO wa Cabo Delgado, aligombana na wenzake mwishoni mwa miaka ya sitini. Kulikuwa na hoja za ukabila, lakini ndani yake kulikuwa na biashara: nani adhibiti maduka na mazao ya maeneo yaliyokombolewa. Akataka Cabo Delgado ijitegemee peke yake. Mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno. Wamakonde waliokuwa msituni hawakumfuata. Waliendelea kupigana chini ya FRELIMO hadi 1975. Alikuwa na kabila lake lote mgongoni, au alidhani analo, na akaondoka karibu peke yake.

Tanzania ya Mwalimu ilisimama na FRELIMO iliyo moja. Lakini ni Tanzania hiyohiyo iliyokuwa imeitambua Biafra, eneo la Waigbo lililojitenga na Nigeria, Aprili 13, 1968, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Watu hulipita jambo hili haraka, labda kwa kuwa halikai vizuri kwenye picha ya Baba wa Taifa ukutani. Mtu ambaye mwaka 1964 kule Cairo, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika, alisukuma azimio kwamba mipaka ya wakoloni isiguswe, miaka minne baadaye aliitambua nchi iliyovunja mpaka. Hoja yake, ukiisoma leo, haikuwa kuwasifu Waigbo. Alisema umoja wa nchi unasimama juu ya ridhaa ya watu wake, na kwamba watu waliouawa kwa maelfu bila dola kuwalinda wana haki ya kuuliza dola hiyo ni ya nani. Unaweza kumpinga kuhusu Biafra. Mimi mwenyewe nadhani alikosea katika makadirio ya jinsi vita vile vingekwisha. Lakini kipimo alichokiweka ni kizuri, na ajabu ni kwamba hatukitumii hapa nyumbani.

Tukitumie basi kwa faili la tatu, la malalamiko ya Mtwara. Mwaka 2013 watu walidai nini? Bango liliandikwa "Gesi haitoki", na kwa masikio ya Dodoma hilo lilisikika kama watu wa mkoa mmoja wanatangaza umiliki wa mali ya Jamhuri. Serikali ikajibu kwamba rasilimali ni ya taifa zima, kama dhahabu ya Geita na maji ya Kidatu. Jibu sahihi, kwa swali ambalo halikuulizwa. Waliokuwa wanaandamana tangu Desemba 2012 walikuwa wanauliza kwa nini mitambo ya umeme na viwanda visijengwe kwenye chanzo, Mtwara, ili Dar es Salaam ipelekewe umeme badala ya gesi. Hilo ni swali la mipango ya uchumi. Unaweza kulijibu kwa hesabu za gharama ya nyaya dhidi ya bomba. Hakuna aliyedai bendera. Hakuna aliyeitisha pasipoti kwenye daraja la Rufiji.

Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuja Mtwara Januari 2013 baada ya ghasia, akakaa na makundi ya wakazi, akaeleza kwamba gesi itasafishwa hukuhuku. Mji ukatulia kwa miezi kadhaa. Mwezi Mei ilipoonekana mazungumzo hayajabadilisha kitu walichokuwa wanakitarajia, moto ukawaka. Bomba la kutoka Madimba, refu la zaidi ya kilometa 500, lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na kuzinduliwa Oktoba 2015. Kiwanda cha saruji cha Dangote nacho kilifunguliwa mwaka huohuo, kwa hiyo si kweli kwamba kusini haikupata kitu. Ni kweli pia kwamba kilichobaki kwenye kumbukumbu za watu wengi ni magari ya jeshi.

Miaka mitano baada ya ghasia za gesi ikaja zamu ya korosho. Hadi 2018 sehemu kubwa ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, asilimia 65, ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe: salfa, miche, utafiti. Bunge likabadilisha sheria, fedha yote ikaenda Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini, wa chama tawala wakiwa wa kwanza, walisimama kupinga. Novemba mwaka huo Rais Magufuli akaamuru jeshi lisimamie ununuzi, kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Lengo lililotajwa lilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya bei mbovu ya mnadani, na mkulima alishukuru alipoisikia bei. Kisha akasubiri malipo. Waliouza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kwa sababu ya njaa walionekana wahalifu. Waliokuwa na kilo nyingi walihojiwa shamba liko wapi. Tena malalamiko yalikuwa ya fedha, tena sura ya dola iliyofika kijijini ilikuwa ya kombati.

Kusini yenyewe, ukitaka kuwa mkweli, wala si kabila. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, Wamatumbi, Wangindo: kinachowaunganisha ni barabara iliyochelewa na zao moja la biashara. Wamakonde wa Newala wengi wao ni Waislamu, wa Mueda wengi wao ni Wakatoliki, na wote wanachonga mpingo, wanaelewana lugha na kuzikana. Anayedhani damu inabeba itikadi kuvuka mto aanze kwa kueleza hilo.

Hapa inabidi niwaguse na watu wa kwetu, maana kuna faraja moja tunayopenda kujipa: tukipata mtu wetu juu, mambo yatanyooka. Benjamin Mkapa, mwenyeji wa Lupaso, Masasi, alikuwa Rais miaka kumi. Daraja la Rufiji likajengwa enzi zake, na hilo si dogo kwa aliyewahi kulala kwenye foleni ya kivuko cha Ndundu. Kassim Majaliwa wa Ruangwa aliteuliwa Waziri Mkuu 2015, na sakata la korosho lilitokea yeye akiwa kwenye kiti. Ng'ambo, Filipe Nyusi, Mmakonde wa Mueda, aliapishwa kuwa Rais wa Msumbiji Januari 2015. Vita vilizuka mkoani kwake akiwa Ikulu. Mtu wenu juu anaweza kuwapa daraja. Hawezi kuwa badala ya ushuru unaorudi, mahakama ya ardhi inayofanya kazi na diwani anayejibu barua.

Wamakonde wenzetu wa Kenya wametuonyesha njia ya tatu, ambayo haina Rais wala bunduki. Walikwenda Kwale na kwingineko kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wengine wakikimbia Wareno, na kwa vizazi kadhaa waliishi bila uraia: hakuna kitambulisho, hakuna akaunti, ndoa hazisajiliwi. Oktoba 2016 walianza safari kwa miguu kutoka Kwale wakielekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Wakapewa uraia na kutangazwa kabila la 43 la Kenya. Pwani hiyohiyo, miaka michache nyuma, Baraza la Mombasa Republican lilikuwa linasema "Pwani si Kenya". Serikali ililipiga marufuku 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo 2012. Majaji waliona kilicho wazi, kwamba kauli ya kujitenga, hata ikiudhi, ni kauli, na bomu ni bomu. Nasi tunao mfano wa kutuumiza: viongozi wa Uamsho wa Zanzibar, waliohubiri dhidi ya Muungano, walikaa rumande kwa miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyafuta Juni 2021. Kama ushahidi ulikuwepo, mahakama haikupata nafasi ya kuupima. Kama haukuwepo, sheria ya ugaidi ya 2002 ilitumika kama gereza bila hukumu.

Sheria hiyo tunaihitaji. Baada ya Kitaya hakuna mtu wa vijiji vya Ruvuma atakayekubali kuambiwa hatari ni ya kubuni. Wanaolala na kuamka wakitazama mto ndio wa kwanza kutaka askari wawepo. Ninachouliza ni nani anawaletea askari habari. Mvuvi wa Msimbati anayeona mashua ngeni, mama wa Mahurunga anayeona mgeni asiye na mwenyeji: hao ndio ulinzi wa kwanza. Mwaka 2021 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ililalamika kwamba maelfu ya watu waliokimbia Palma na vijiji vyake walirudishwa Msumbiji kwa nguvu kupitia mpaka wa Negomano. Miongoni mwao walikuwemo waliokuwa wanawatafuta mashemeji zao upande huu. Mwanakijiji aliyeona shemeji yake akipakiwa kwenye lori atafikiri mara mbili kabla ya kutaja mgeni wa pili.

Mtihani ujao uko Lindi. Mtambo wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika umepangiwa Likong'o, wakazi wamekwisha kulipwa fidia ya ardhi, mkataba wa awali na Equinor na Shell ulitiwa saini Juni 2022, na mazungumzo yamekuwa yakivutwa tangu hapo. Siku ujenzi utakapoanza, vijana wa Mchinga na Ng'apa watauliza ajira ziko wapi, nani anapika chakula cha kambi, ushuru wa huduma unaingia halmashauri gani. Watauliza kwa sauti, na baadhi yao watauliza kwa matusi. Mkuu wa mkoa atakayekuwepo siku hiyo atafungua faili. Ni vema kabla ya siku hiyo awe ameandaa jipya, lenye majina ya wakandarasi, idadi ya nafasi za kazi na tarehe ya kikao cha kijiji, ili asilazimike kunyoosha mkono kwenye lile la Kitaya.